Panda ya Mfenesi

Mtaani walimwita Bwana Magogo, na jina likamkaa. Mti ukiangushwa na upepo, au ukikatwa kupisha barabara, yeye huyo na mkokoteni wake kabla wachoma mkaa hawajanusa habari. Gogo lililotupwa alilifunga kwenye mashine yake ya kukerezea, akalizungusha na kulichonga kwa patasi mpaka likawa bakuli au chombo cha maua ambacho mtu angeona haya kukiwekea kitu. Mkewe alilalamika kwamba hata kitandani analalia maranda.

Lakini mfenesi wa mama yake haukuanguka. Aliukatisha yeye.

Tawi kubwa lilikuwa limetanda juu ya chumba cha mama, na upepo ukivuma lilitoa mlio ambao mwanawe hakuupenda. Mama alikataa katakata usikatwe: mti ule aliupanda marehemu mumewe. Basi Bwana Magogo akangoja mama aende kumtazama dada yake, akaita wenye msumeno. Mti ulipolala chini, shina likaonekana zima, la manjano, halina doa. Mama aliporudi alilitazama, akaingia ndani. Tangu hapo hakumsemesha. Akitaka kitu humtuma mkwewe: "Mwambie mumeo mlango unagoma." Na mume mwenyewe kasimama hapo hapo, nyundo mkononi, kasikia kila neno.

Ilimuuma, asikwambie mtu. Je, kama aliua mti mzima kwa woga wake tu? Akishika patasi kuugusa mfenesi ule, mkono ulikuwa mzito.

Siku moja akajikaza. Akachukua panda, pale tawi lile lilipoungana na shina, akaifunga kwenye mashine. Nje ilichongeka vizuri. Alipoanza kuchimba ndani, patasi ikazama yenyewe. Akazima mashine. Unga mweusi ulimmwagikia miguuni. Mchwa walikuwa wamekula wakashiba, wakabakiza ukuta wa unene wa kidole. Bwana mzima akakaa chini kwenye maranda, akacheka, akalia, akacheka tena.

"Una nini wewe?" mkewe akauliza mlangoni.

"Umeoza, mama watoto! Umeoza kabisa!"

"Sasa hiyo nayo ni ya kushangilia?"

Hakuziba kitu. Alikwangua uozo wote, akaacha uwazi kama mchwa walivyouacha, akapaka mafuta, akampelekea mama chumbani. Mama akaingiza mkono ukazama hadi kiwiko. Akautoa, akatazama dari juu ya kitanda chake.

"Nilikuwa nausikia," alisema, safari hii akimtazama yeye usoni. "Kila upepo ukivuma, nausikia unalia. Nikajiambia, ukiniangukia, basi ni baba yako kaja kunichukua."

Bwana Magogo akaiweka panda sakafuni. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Na nilikuwa naogopa, mwanangu," mama akasema, akamshika mkono. "Nilikuwa naogopa sana."