Mbuzi Asiye na Mikono Kichwani

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, nyumbani kwangu Lodwar, niligundua kwamba vitabu vya biolojia vinadanganya. Vinachora seli za ubongo zikiwa na matawi marefu kama mikono. Zile nilizotoa kwenye kichwa cha mbuzi, nikazitia rangi na kuzitazama kwa hadubini yangu ya mitumba, zilikuwa mviringo tupu. Kesho yake nilikuwa nimealikwa kuzungumza na wanafunzi wa sekondari Kakuma. Kufikia saa sita nilikuwa nimeandika hotuba ya kuvisahihisha vitabu na kutoa nakala arobaini.

"Hizo seli umezitenganisha vipi?" mke wangu akauliza.

"Nimeuponda ubongo, nikausukuma kwenye chujio."

"Chujio langu la chai?"

"Ndiyo."

"Baba watoto, umezipitisha kwa nguvu kwenye vitundu hivyo, zikakatika mikono, halafu unatangaza zilizaliwa hivyo?"

Nilichukua kipande kilichobaki, nikakibonyeza taratibu kati ya vioo viwili, nikakitia rangi ileile. Mikono ilikuwepo, mirefu.

Mke wangu alitumia nakala zote arobaini kuwashia jiko. Hasara: shilingi mia nne.