Uji Nilioukataa Asubuhi ya Koili

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, nilisimama mlangoni mwa nyumba yetu ya mtaa wa Mbotela na kikapu kitupu mkononi. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amefika jana yake kutoka Wamunyu, alininyooshea kikombe cha uji. Nikakataa.

"Nitakunywa nikirudi, mama. Nakimbilia vitunguu soko la Muthurwa, baadaye bei inapanda."

Alinitazama usoni, akanitazama tumboni, kisha akatabasamu kidogo na kukirudisha kile kikombe mezani. Lile tabasamu sikulielewa. Mguu wangu mmoja ulikuwa tayari nje.

Mwanangu, binti unayeniuliza habari za koili, sikuwa naenda Muthurwa. Nilikuwa naenda kliniki ya mtaa kuwekewa koili ya kupanga uzazi, ile ya shaba isiyo na dawa ya homoni ndani yake. Nitakueleza kwa nini nilikwenda kwa siri, maana bila hilo utaniona mjinga tu.

Nilikuwa na wavulana wawili. Wa kwanza, Musyoka, alichukua jina la baba yake mume wangu, kama ilivyo desturi ya Wakamba. Wa pili alichukua jina la baba yangu huko Kakamega. Aliyebaki ni mama mkwe. Huko kwao, bibi hupewa heshima ya kuzaliwa tena kupitia mjukuu wa kike, naye alikuwa anaitwa Kalondu, na Kalondu alikuwa hajazaliwa. Watu walilisema hilo kwa mzaha, lakini ni mzaha unaokufuata hadi jikoni. Alikuwa ameshasuka kiondo kidogo cha rangi mbili. Hakusema ni cha nani, na hakuna aliyeuliza.

Ila mimba ya pili nusura iniue. Presha ilipanda, miguu ikavimba, na siku ya kujifungua nikapatwa na kifafa cha mimba. Nilizinduka sijui nimezaa nini. Presha haikushuka vizuri hata baada ya miezi, na kliniki wakaniambia vidonge vya kawaida vya kupanga uzazi havinifai mtu wa presha. Sista aliyekuwa zamu siku hiyo ndiye aliyenieleza kuhusu koili ya shaba: kijiti kidogo cha plastiki chenye umbo la herufi T, kimezungushiwa waya wa shaba, kinakaa ndani ya mfuko wa uzazi miaka kumi na zaidi, na hakigusi presha. Mume wangu alikubali. Yeye ni mchongaji, mtu wa maneno machache. Aliweka patasi chini akasema, "Fanya. Lakini mama asijue."

Basi siri ikazaa siri. Kwa kuwa sikuweza kumuuliza mtu mzima wa nyumbani kwangu, nilimuuliza jirani, Mama Toni, muuzaji wa mitumba ambaye kwa kila jambo alikuwa na jibu kabla hujamaliza swali.

"Usikule kitu tangu jioni," aliniambia. "Hiyo ni kama thieta, kama kupasuliwa, Mama Musyoka. Ukikula utawatapikia mezani, wakuache hapo miguu juu!"

"Na inauma?"

"Kuuma ni kidogo. Shida ni kupanda. Na vile wewe hutulii, hiyo kitu itapanda mpaka kwa moyo."

Mama Toni hakuwahi kuwekewa koili. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio, na mimi nilisafiria nyota ya mtu ambaye hakuwa hata safarini. Nikalala bila chakula, nikaamka bila chai, nikaukataa uji.

Kliniki nilikuta benchi limejaa. Nilikaa, nikasimama. Nilitoka hadi getini, ambako mwanamke alikuwa akikaanga mandazi. Nikarudi, nikakaa, nikasimama tena. Nilikuwa nawaza: mama mkwe akimtuma Musyoka anitafute je? Akikutana na mtu anayetoka Muthurwa? Je, hiki kijiti kikinifunga kabisa, halafu Kalondu asizaliwe kamwe, nitaishi vipi katika ukoo ule?

"Mama, keti kidogo," mwanamke wa pembeni yangu alisema. "Unatutia kizunguzungu."

Sista mmoja alichungulia mlangoni. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya. "Wewe ni wa koili ama wa riadha? Ingia."

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana sehemu hii ndiyo watu huificha, na hofu hukua pale panapofichwa.

Kwanza yalikuja maswali. Hedhi yangu ya mwisho ilikuwa lini? Damu hutoka nyingi kiasi gani? Nina maumivu chini ya tumbo, au uchafu wenye harufu? Mimi au mwenzangu tuna mtu mwingine? Usione haya wala usikasirike, kila swali lina kazi yake. Mwenye maambukizi hutibiwa kwanza, na mwenye hedhi nzito sana huelezwa kwamba shaba inaweza kuizidisha. Akanipima presha, akanipima mkojo kuhakikisha sina mimba. Halafu akaniuliza, "Una swali lolote?"

Nilikuwa nayo kumi. Nikasema sina.

Nilipanda kitandani, nikavua nguo za chini, nikajifunika shuka, nikakunja magoti. Maji ukiyavulia nguo yaoge. Sista alivaa glavu, akanichunguza kwa vidole kujua mfuko wa uzazi umelala vipi. Kisha akaingiza kifaa kinachofanana na mdomo wa bata, cha kupanua njia ili aone shingo ya kizazi. Kilikuwa baridi, hakikuuma. Akapasafisha kwa dawa. "Sasa utasikia kama umefinywa," alisema, na kweli nilifinywa, pale aliposhika shingo ya kizazi isiyumbe. "Napima kina." Hapo tumbo likakaza kama siku ya kwanza ya hedhi mbaya. "Vuta pumzi. Toa polepole. Sasa naweka." Likakaza tena, kwa nguvu zaidi, likapanda mgongoni, nikang'ata kona ya shuka. Halafu nikasikia mkasi.

"Nimekata nyuzi. Tumemaliza."

Nilidhani ananitania. Kazi yote, tangu kifaa cha kwanza hadi mkasi, haikuzidi muda wa kuchemsha chai. Siwezi kukudanganya kwamba haiumi. Wako wanaosikia kidogo tu, wako wanaolia, hasa ambao hawajazaa. Mimi niliuma shuka, basi.

"Lala hapo dakika chache," sista aliniambia akigeuka kunawa mikono. "Usiinuke haraka."

Lakini mimi nilikuwa na vitunguu vya kununua na uongo wa kukamilisha. Nilishuka kitandani mara moja, nikainama kuokota viatu. Ukuta ukasogea. Masikio yakajaa sauti kama ya mvua juu ya mabati, na kitu cha mwisho nilichosikia ni sista akisema, "Mungu wangu, huyu mama!"

Nilipofumbua macho nilikuwa kitandani tena, miguu imeinuliwa juu ya mto, jasho baridi shingoni.

"Umekula nini leo?"

"Sijala."

"Jana usiku?"

Nikatikisa kichwa. Alishika kiuno. "Nani alikwambia ufunge? Hapa si kanisani. Shingo ya kizazi ikiguswa, mapigo ya moyo yanaweza kushuka hata kwa mtu aliyeshiba. Wewe umekuja na tumbo tupu, halafu unaruka kama swara." Akachukua simu yangu, akataka nambari ya mtu wa kunichukua. Mume wangu hakushika. Ukitumia patasi na nyundo siku nzima husikii simu. Nambari iliyofuata ilikuwa ya Mama Toni.

Naye Mama Toni, mwanangu, hakuja. Alimtuma mama mkwe.

Nilimwona mlangoni na chupa ya uji kwapani na kanga yangu begani. Uso wake ulikuwa unang'aa. Hapo ndipo nilipolielewa lile tabasamu la asubuhi: mwanamke aliyeolewa, anayekataa uji asubuhi mapema na asiyetulia, kisha anaanguka kliniki. Kwake hesabu ilikuwa imekamilika.

"Daktari," alimwambia sista, "ana miezi mingapi?"

Sista alinitazama. Ilikuwa siri yangu, hakuwa na ruhusa ya kuisema. Mficha uchi hazai, walisema wazee, na siku ile nilikuwa nimefunua uchi wangu kwa mgeni lakini nikauficha moyo kwa mama yangu.

"Mama," nikasema, "sina mimba. Nimewekewa koili."

Ule mng'ao ulizimika. Sikuwahi kuona uso ukizeeka haraka namna ile. Alifungua chupa, akamimina uji kwenye kifuniko.

"Kunywa kwanza."

Nikanywa. Akamgeukia sista. "Hicho kitu kinakaa mpaka lini?"

"Miaka kumi na zaidi, akitaka."

"Na asipotaka?"

"Anarudi hapa siku yoyote, navuta nyuzi, kinatoka. Hakuna dawa mwilini ya kungoja iishe. Anaweza kushika mimba hata mwezi huo. Lakini huyu, mama, kwanza presha yake iangaliwe na daktari."

"Kinapanda moyoni?"

"Hapana. Hakuna njia ya kutoka huko kwenda moyoni. Mara chache sana kinaweza kutoka au kuhama mahali pake. Ndiyo maana atarudi baada ya hedhi ya kwanza nimwangalie."

Tulitembea hadi nyumbani kando ya Jogoo Road, yeye mbele, mimi nyuma, kama watu waliokosana sokoni. Hakugeuka hata mara moja. Nyumbani alimwaga pojo kwenye ungo akaanza kuchambua mawe. Mimi nilizunguka chumba kile kidogo, nikapanga vikombe vilivyokuwa vimepangwa, nikafungua dirisha, nikalifunga.

"Keti," akasema hatimaye. "Siku ulipolazwa, nilikaa nje ya wodi na kanga yako hii mapajani. Unadhani nilikuwa naomba nini? Jina?"

Nikaketi kando ya ungo.

"Nilikuwa nimesahau hata mimi mwenyewe naitwa nani. Nilikuwa namwambia Mungu, nirudishie huyu msichana. Sasa leo unanipita mlangoni na njaa, unaniambia vitunguu."

"Nilidhani utakasirika kwa sababu ya Kalondu."

"Nimekasirika! Nani amekwambia sijakasirika? Nilitaka kuzaliwa, na bado nataka." Alirusha jiwe moja nje ya mlango. "Lakini jina linaweza kungoja. Wewe ukizikwa, hawa wavulana nitawaambia nini? Kwamba mama yao alikufa akiniogopa mimi?"

Akaendelea kuchambua pojo. Alininunia siku mbili nzima, na kila siku ya hizo mbili alinipikia. Mtu anaweza kukununia na kukupenda kwa sufuria moja.

Siku zile tumbo lilikaza na damu kidogo ikatoka, kama nilivyoambiwa. Hedhi za miezi iliyofuata zilikuwa nzito na zenye maumivu kuliko zamani, halafu zikatulia. Sikushika mimba tena. Presha haikuniruhusu, na mimi sikuthubutu. Kalondu alizaliwa kwa shemeji yangu huko Wamunyu, na mama mkwe alipeleka kile kiondo mwenyewe. Sikwambii kwamba haikuniuma. Iliniuma, nami nikaenda kumbeba mtoto huyo.

Basi mwanangu, ukiamua kuwekewa koili, kula kabla ya kwenda. Uliza kama unaweza kumeza dawa ya maumivu mapema, beba pedi, na uende na mtu wa kukushika mkono. Kila swali ulilo nalo litoe mdomoni, hata lile la aibu, maana kuuliza si ujinga. Usifunge safari kwa maneno ya jirani ambaye hajawahi kuifunga. Ukimaliza, lala mpaka uambiwe uinuke. Homa ikikupata, au maumivu makali, uchafu wenye harufu mbaya, hedhi ikipotea, au ukigusa nyuzi usizipate, rudi kliniki upesi, usingoje wiki iishe. Ujue pia kwamba shaba haizuii ukimwi wala magonjwa ya zinaa. Kondomu ina kazi yake. Na kama shaba haikufai, zipo njia nyingine, sema tu.

Mwili ni wako, na uamuzi ni wako. Huna deni la kumweleza kila mtu. Lakini tafuta hata mmoja nyumbani wa kumwambia kweli, na usimhukumu kabla hujampa nafasi ya kukujibu. Wengi wetu tunawaogopa watu ambao hatujawauliza.

Mungu akulinde, mwanangu, uingiapo na utokapo. Akupe mikono ya upole ya kukuhudumia na wazee wenye masikio. Uzae kwa wakati wako, au usizae kabisa, lakini uishi.