Kofia ya Aliyezama Zaidi

Majina siandiki. Mama mkwe kanikataza, hataki jina la mtu muovu likae karatasi moja na la mwanawe. Lakini waliofanya nawajua, nitawataja kwa kazi zao, na mwenye kujijua atajijua.

Wa kwanza ni mteja wetu wa Jumapili, muuza vipuri vya magari. Mie na shemeji yangu, mdogo wa kiume wa mke wangu, tulikuwa tunaongoza wazamiaji kutoka Kunduchi, watu wanaoshuka na mitungi ya hewa mgongoni kwenda kutazama samaki. Huyu muuza vipuri na wenzake hawakuwaga na haja na samaki. Walikuwa na kofia moja nyekundu, chakavu. Wakitoka majini na kurudi botini wanalinganisha saa zao za mkononi, zile zinazoandika kina ulichofika. Aliyeshuka kuliko wote anaivaa mpaka pwani, wenzake wanamwita mfalme.

Mtu wa hivyo unamjua mapema. Saa anaitazama kila mara, geji ya hewa wala. Ukimwambia tukague vifaa, anakujibu, "Braza, mie nimezamia kote huko, unanifundisha nini?" Na chini ya maji, ukimuuliza kwa mkono kabakiwa na hewa kiasi gani, badala ya kukuonyesha vidole anakupa ile duara ya kidole gumba na cha shahada, ya kwamba mambo sawa. Sasa hilo si jibu. Ama hajatazama, ama hataki ujue, ama kina kimeshamlevya. Maana kina kinalevya jamani, kama gongo, na mlevi wa huko anacheka huku anakufa.

Wa pili ni bosi, mwenye boti. Nilimwambia yule mtu atatuulia mtu. Akasema, "Mteja ni mteja. Nyie kazi yenu kumrudisha." Na Jumapili ile ndiye aliyeutoa botini mtungi wa oksijeni, ule wa dharura, akauacha bandani ili deli, lile sanduku la barafu la vinywaji, lipate pa kukaa.

Muuza vipuri alikuja macho mekundu, ananuka bia ya jana. Kofia alikuwa kanyang'anywa na mwenzake wiki iliyopita, na hilo lilimuuma. Shemeji akamwambia kwa adabu, "Mzee, leo tukae juu juu, upumzike."

"Kumbe we mzamiaji wa maji ya magoti!"

Wakacheka botini kote. Shemeji naye akacheka, alikuwa mtu wa kucheka.

Tulishuka kwenye mwamba. Tulikubaliana hakuna kupita ukingo wake. Hatujakaa sana, muuza vipuri kaupita, kichwa chini miguu juu, huyoo. Shemeji akanionyesha kwa mkono: wewe baki na hawa, mie namfuata.

Nikabaki natazama mapovu yao. Mara muuza vipuri akanipita anapanda kama kizibo, macho yamemtoka. Hofu ilimshika huko chini, akapiga mateke, akamwacha aliyemfuata. Nikawaashiria wengine wapande taratibu, mie nikashuka.

Nilimkuta shemeji kakaa kwenye mchanga kama yuko barazani kwao. Nikamuuliza hewa. Akanipa duara. Nikaishika geji yake, sindano imelala mwisho. Nikamuuliza tena, akanipa duara, anacheka. Nikamkumbatia, nikampa mdomo wa akiba wa mpira wangu wa hewa, apumulie mtungi wangu. Akautema. Nikamrudishia, akautema. Nililia ndani ya miwani ya kuzamia, shem, shem, pumua. Tukapanda bila kusimama mahali ambapo mwili unataka usimame usije ukapooza, maana hewa ya kusimamia haikuwepo.

"Oksijeni!" nilimpigia kelele nahodha. Akageukia pembe ile unapokaaga mtungi. Lilikuwa deli.

Shemeji alikata roho hatujafika Kunduchi. Mie kuanzia kiunoni nilikuwa najigusa kama namgusa mtu mwingine, na ndivyo nilivyo hadi leo. Muuza vipuri alishuka botini kwa miguu yake.

Siku ya hitma nimelazwa chumba cha uani, namsikia mama mkwe ukumbini anamuuliza muuza vipuri, "Baba, mwanangu ilikuwaje?"

Kaja na kanzu, yule. "Mama, kijana alikuwa na kichwa kigumu. Tulimkataza. Aliitaka ile kofia."

"Ndivyo ilivyokuwa, mama," bosi akaitikia. "Mapenzi ya Mungu."

"Muongo!" nikapiga kelele. "Waongo nyote!" Nikajivuta niwatokee, nikaanguka kifudifudi. Lakini Yasini ilikuwa imeshaanza, ukumbi mzima unasoma, nani anisikie? Mke wangu alinikuta sakafuni, mdomo una damu.

Watu walipotawanyika mama mkwe aliingia na sahani ya pilau. "Ati mwanangu aliipenda kofia?"

Nikamweleza yote. Akauliza, "Ulipomfikia, alikuwa anaogopa?"

"Hapana, mama. Alikuwa anacheka."

Akajifunika uso kwa ncha ya kanga. Alipoufunua alisema, "Wale wamesema mbele ya watu. We umesema mbele ya pilau. Andika."

"Mama, mie niliishia darasa la tano."

"Andika hivyo hivyo."

Basi nimeandika. Kofia hakuitaka. Alimfuata mtu.