Kufuli Jipya Kimara

Baba alipofariki tulimsafirisha kwenda kuzikwa kwao, bara. Tuliporudi Kimara, kaka yake, baba mkubwa, alirudi na sisi. Alisema amekuja kutusaidia. Siku iliyofuata nikamkuta amekalia kiti cha baba, anamwuliza mpangaji wa chumba cha uani kodi huwa anampa nani.

Bibi, mama yake mama, aliyasikia hayo akiwa jikoni. Akaingia chumbani, akaanza kukunja kanga zake na kuzitia mfukoni.

"Bibi, unakwenda wapi?"

"Mjukuu wangu, mie haya nimeshayaona."

Babu alipokufa, ndugu zake walimtoa bibi nyumbani pamoja na mama, aliyekuwa bado msichana wa shule. Mama akaishia kuuza vitumbua Manzese. Darasani hakurudi tena.

Basi mama akaogopa kutoka nje. Genge lake la mboga Ubungo akaliacha limefungwa. Mtu akipiga hodi, anashtuka. Sie watoto tulikula kimya, tukitega masikio kwa baba mkubwa aliyeongea na simu sebuleni, tukisikia "kiwanja", tukisikia "mteja".

Asubuhi moja alimwambia mama, kwa upole kabisa, "Shemeji, wewe bado kijana, utaolewa. Nyumba ni ya ukoo."

"Na watoto, shemeji?"

"Watoto ni wetu."

 Mama aliinamia sinia la mchele mapajani mwake, akaendelea kuchambua.

Kisha presha ikampanda bibi, ikabidi tumpeleke hospitali sote. Tuliporudi, geti lilikuwa na kufuli jipya na magodoro yetu yako barazani kwa jirani. Mama alilivuta lile kufuli, akalivuta tena, halafu akakaa mchangani. Sijawahi kumwona mtu mzima akiogopa vile.

Jirani alitupeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, naye akatuelekeza mahakama ya mwanzo. Mama akafungua shauri la mirathi. Kila tulipoitwa, baba mkubwa alikuja na wazee wa ukoo, na kila safari mama alitapika njiani. Mwishowe aliteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, nyumba tukarudishiwa. Lakini tulikuwa tumeshakaa muda mrefu kwenye chumba cha kupanga. Genge lilikuwa na mtu mwingine. Bibi alishafariki. Na mie nilikuwa nimeacha shule, nakaanga chapati barabarani, kama mama na vitumbua vyake.

Sasa nimeolewa, tunajenga Temeke, tukikaa kwenye kibanda hapohapo kiwanjani. Mume wangu ni mtu mwema. Nilipomwomba kiwanja tukiandike majina yetu wote wawili, alicheka. "Mke wangu, unaniombea kufa?"

Nikacheka naye. Kiwanja bado kina jina lake peke yake.

Shemeji zangu wakija kututembelea nawapikia vizuri. Wakizunguka nyuma kuangalia msingi, nawafuata, najifanya naanika nguo. Na mume wangu akikohoa chumbani, naacha ninachofanya, nasikiliza.