Gurudumu Lililomshinda Fundi

Mtaa mzima ulimwita yeye Fundi na mkewe Mwalimu, na kwa miaka thelathini na tisa hakuna aliyewachanganya. Mke alifundisha darasa la tatu. Mume alinyoosha magurudumu ya baiskeli katika kibanda cha mabati kilichoegemea duka la vioo. Sasa magoti yake yalikuwa yamegoma kuchuchumaa, na chuo cha ufundi kilikuwa kinatafuta mtu wa kufundisha katika karakana yake mpya, yenye meza ndefu na viti virefu, magurudumu yakining'inia usawa wa kifua. Fundi alivitamani vile viti kama mtoto anavyotamani peremende. Akiikosa kazi ile, angebaki nyumbani kuhesabu nzi, na jambo hilo lilimtisha.

Fomu ya chuo ilimtaka kwanza achague: mwalimu, mkufunzi au mwelekezi. Kalamu ikamgomea.

"Mwalimu, hivi mkufunzi ana nini ambacho wewe huna?" alimuuliza mkewe mezani.

"Mwalimu anasimama mbele ya watu," mkewe akajibu, macho yakiwa kwenye madaftari. "Mkufunzi anasimama pembeni yao. Mwelekezi anakunyooshea kidole, halafu anaenda zake kunywa chai."

"Na yule anayekaa nao chini, mikono imejaa grisi?"

"Huyo, baba watoto, namwambia anawe kabla hajagusa kitambaa changu cha meza."

Ukurasa wa pili ulidai barua ya mtu mmoja aliyefundishwa naye, iletwe kabla ya Ijumaa. Mmoja tu! Fundi akacheka. Watu kumi na saba walikuwa wamepita mikononi mwake.

Jumanne alikwenda kwa mmoja wao, aliyekuwa sasa akitengeneza viti vya magurudumu hospitalini. Jamaa alimkumbatia, akamwagizia chai, kisha akatikisa kichwa.

"Fundi, nakuheshimu sana, ila mimi nilijifunza mwenyewe. Umesahau lile gurudumu lililokushinda siku mbili? Nani alilinyoosha?"

"Wewe," Fundi akakubali.

Jumatano akamwendea mwanafunzi wake mwingine, mtengeneza mikokoteni. Huyu hakuuma maneno. "Ulikuwa mtu mwema, mzee wangu, lakini kufundisha hukujaliwa. Ulikuwa unaduwaa tu."

Ukweli ni kwamba Fundi hakuwahi kushindwa na gurudumu lolote. Ndivyo alivyofanya kazi: alichukua gurudumu zima, akampa mwanafunzi kisogo, akalegeza spoki mbili robo mzunguko, kisha akajikuna kichwa. "Hili limenishinda," alisema. "Hebu litazame, mimi natoka kununua sabuni." Akatoka, akazunguka nyuma ya kibanda na kuchungulia kwenye tundu la msumari. Alipenda mno kujua mtu huanzia wapi akiachwa peke yake: wapo walioanza na macho, wapo waliogonga spoki na kusikiliza, na mmoja alianza kwa kulitukana gurudumu. Alikuwa ameona kwamba aliyeelezwa husahau kabla ya chakula cha mchana, lakini aliyegundua atawasimulia wajukuu. Na kweli, walikuwa wanasimulia. Yeye tu ndiye hakuwemo kwenye hadithi.

"Si uwaambie ukweli?" mkewe aliuliza usiku ule.

"Nikisema, nimemnyang'anya mtu gurudumu lake la kwanza. Siwezi."

Mwalimu akainuka ghafla. "Kumbe! Ndiyo maana tuna sabuni mpaka juu ya kabati!" Asubuhi akamtia mumewe kipande kimoja mfukoni, angalau kulipunguzia kabati mzigo.

Alhamisi lilibaki jina moja, maana wengine wote walikuwa wamehama mji zamani. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mwanamke huyu alikuwa ameuliza maswali ya watu wote kumi na saba. Ndiyo maana walimwita Kaidi. Sasa alikuwa na kibanda chake ng'ambo ya daraja, akimfunza mlinzi mstaafu, pande la mtu lenye mvi. Fundi aliketi kwenye benchi, akitafuta maneno ya kuombea barua bila kusema uongo wala ukweli.

Akaona Kaidi anampa mlinzi kisogo. Ufunguo ukagusa spoki mbili, robo mzunguko kila moja. Kaidi akageuka, akajikuna kichwa.

"Baba, hili limenishinda. Hebu litazame, mimi natoka kununua sabuni."

Fundi aliinuka, magoti yakalia, akamfuata nje. Alimkuta nyuma ya kibanda, jicho moja kwenye tundu la bati.

"Tangu lini unajua?" alimnong'oneza.

"Tangu gurudumu la pili. Nilikuta alama ya kidole gumba chako, grisi mbichi, kwenye spoki zilezile mbili."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeacha kushindwa. Na mimi nilikuwa sijamaliza kujifunza."

Fundi alifurahi mpaka akaona aibu, akajifanya mavumbi yamemwingia machoni. Alipoeleza shida yake, Kaidi alichana karatasi ya daftari, akaiegemeza kwenye bati na kuandika bila kusita:

*Huyu hakunieleza kitu hata siku moja. Ila kila nilipokuwa tayari kwa gurudumu fulani, siku hiyohiyo lilimshinda. Ndiye aliyenifundisha.*

Fundi aliisoma mara mbili. Kabla hajaikunja, sauti nene ikapasua mabati: "Nimeliweza! Jamani, njooni muone, nimeliweza!"

Kaidi alianza kukimbilia mlangoni, kisha akasimama na kutazama mikono yake mitupu. Fundi akatia mkono mfukoni, akampa kile kipande cha sabuni, wakaingia wote wawili kwenda kushangaa.