Goti la Ulaya na Goti la Habaswein

Juzi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la zahanati moja mjini Garissa, mlango wa tabibu ukiwa wazi kama kawaida. Ndani alikuwemo mama mfugaji kutoka Habaswein, amelishika goti lake kwa mikono miwili. Lilikuwa na makovu ya kuchomwa kwa moto, tiba ya kwao.

"Nani alikuunguza hivi?" tabibu alifoka. "Gegedu la goti lako, ule mfupa laini, limesagika lote."

"Hakuna dawa, daktari?"

Tabibu akagonga ukurasa wa gazeti lililokuwa mezani. "Iko Ulaya. Wanachukua chembe hai za goti lako mwenyewe, wanazikuza mpaka ziwe gegedu jipya, kisha wanalipandikiza. Lakini hiyo si ya watu kama nyinyi. Wewe pumzika nyumbani, usitembee."

Mama akamkazia macho. "Nyumbani wapi? Nyumba yangu nafungua mimi, napakia kwa ngamia, halafu nafuata na mguu."

Mimi pale benchini damu ilinichemka. Tabibu amesoma miaka yote hiyo, asijue kwamba kwa wafugaji mwanamke ndiye anayebomoa nyumba na kuijenga upya kila wanapohama? Na kama hana gegedu la kumpa, anamkaripiaje kwa ule moto? Moto ndio uliokuwa karibu.

Tabibu alichana ukurasa uleule wa gazeti, akafungia humo vidonge vya maumivu, akampa.

Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba tiba ya Ulaya haijafika Habaswein. Imefika. Imefungia vidonge.