Gitaa Lisilotaka Kung'arishwa

Mwezi uliopita nilikwenda Jinja kumwona rafiki aliyejifungua, na wakati wa kurudi kituoni nikakatisha uchochoroni, nyuma ya nyumba ambazo zamani walikaa wanajeshi na familia zao. Mama mmoja alikuwa amepiga magoti barazani, anapaka sakafu nta nyekundu. Harufu ile ilinisimamisha. Wewe unayenijua unajua kwamba kwangu sakafu hupigwa deki kwa maji na sabuni, basi, na wageni wanaoniita mvivu nimewaacha waniite. Leo ngoja nikueleze sababu.

Baba yangu alikuwa mwanajeshi katika kambi ya Jinja, lakini wa bendi. Kazi yake ilikuwa kupuliza tarumbeta kwenye gwaride. Alitoka kaskazini, mama ni mtu wa huku Mbale, na kwa kuwa hakuna aliyeijua lugha ya mwenzake, nyumba yetu ikazungumza Kiswahili. Majirani wa nje ya kambi hawakukipenda. Kwao ilikuwa sauti ya mtu mwenye bunduki anayeuliza unatoka wapi. Kwangu ilikuwa lugha ya kuitiwa chai.

Nyumba ya mwanajeshi lazima ing'ae. Jumapili mchana baba alikaa barazani na buti zake, akazisugua mpaka ukiinama unaona meno yako. Bizimu ya mkanda ikafuata, halafu tarumbeta. Mama naye hakukubali kushindwa: masufuria aliyasugua kwa majivu na mchanga, na sakafu yetu ya saruji nyekundu iliwahi kumwangusha mgeni na sahani yake ya mukene, wale dagaa wa ziwani. Tulicheka mpaka yeye mwenyewe akacheka.

Kitu kimoja tu hakikung'aa mle ndani: gitaa la umeme la baba. Alilinunua kwa mwanamuziki Mkenya aliyekuwa anaacha kazi hiyo, na ndilo alilolipiga harusini siku zake za mapumziko. Lilikuwa la kahawia, na rangi yake ilikuwa imetulia, haina mng'aro, kama upande wa chini wa jani la mgomba. Ukilipitishia kiganja, lilikuwa laini bila kuteleza. Siku moja nilimletea kopo la rangi ya viatu nikidhani namsaidia. Akalichukua, akaliweka juu ya kabati.

"Kila kitu ya jeshi lazima inang'aa," alisema. "Hii si ya jeshi. Hii ni yangu."

Toka siku hiyo nikawa mtunzaji wa gitaa, kazi niliyojivunia kuliko masomo. Akimaliza kupiga aliniita, "Afande, mikono!" nami nikasimama wima na kunyoosha viganja. Alivikagua, akavinusa. Nikiwa nimekula sambusa nilirudishwa kwenye beseni, na kulikuwa na siku nilirudishwa tena na tena, maana sambusa za jirani yetu hazikuwa za kuondoka kwa maji ya kwanza. Kisha nilipewa kitambaa kilichokatwa kwenye fulana yake kuukuu. Kwanza nyuzi, moja moja, kwa kuwa unyevu wa ziwa ulizila kwa kutu. Halafu mwili wa gitaa, kwa kitambaa kikavu. "Hapana weka maji. Hapana weka mafuta. Polepole, wewe unafuta, hapana piga pasi." Ukiisugua rangi ya namna ile inaanza kung'aa, na ikishang'aa hairudi tena ilivyokuwa.

Ndivyo nilivyoliona doa. Juu ya mwili wa gitaa, mahali mkono wake wa kulia ulipolalia akipiga, palikuwa na sehemu kama ya kiganja iliyokuwa inang'aa. Nilidhani ni mafuta nimeyasahau. Nilifuta, nikafuta. Baba akanitazama, akacheka kidogo kwa pua.

"Acha. Hapo ni mimi."

Alinieleza kwamba hakuna aliyepapaka kitu. Ni mkono tu, miaka yote ile, jasho na ngozi. Nilipagusa kwa kidole na kuona ni kweli, palikuwa laini kuliko pengine pote.

Jinja, penye bwawa, ndiko umeme unakozaliwa, lakini kambini kwetu ulikatika kila ulipotaka, na bado sijapata wa kunieleza. Ukikatika, spika inanyamaza, baba anaendelea. Gitaa la umeme bila umeme lina sauti nyembamba, ya kusikiwa na walio karibu tu. Ndugu yangu, hiyo ndiyo sauti ninayoikumbuka. Mama anakaanga mihogo, mvua iko mabatini, nami nimeegemea goti la baba ili nisikie.

Baba aliugua msimu wa mvua, akafa kabla mahindi hayajakauka. Magwanda yalirudi jeshini, buti, mkanda, tarumbeta, hata nyumba. Tulihamia kwa bibi, mama yake mama, huku Mbale, chini ya mwamba wa Wanale, na katika vyote vilivyokuwa vya baba tulikuja na gitaa tu. Nililiweka kwenye mkoba wake, mbali na jiko na mbali na dirisha. Kila nilipotoka shule nilinawa mikono, nikajikagua mwenyewe, nikafuta. Mwishoni niliweka mkono wangu kwenye lile doa na kukaa hivyo. Picha zake zilikuwepo, lakini picha ni karatasi. Pale ngozi yake ilikuwa imepita kweli.

Bibi, tuliyemwita Kukhu kama wafanyavyo Wamasaba, kabila la mama, alikuwa mtu wa upendo wa mikono. Hakusema anakupenda, alikusugua. Masikio yangu yanamkumbuka. Alikuwa na msemo wake: "Kitu haing'ai, haina mwenyewe."

Siku ya kumwombea baba ilipofika, watu walijaa uani. Mimi nilitumwa mtoni alfajiri, kisha nikashikwa kwenye vyungu vya malewa, yale machipukizi ya mianzi tunayoyapika kwa karanga. Nilipoingia sebuleni kutafuta sahani, niliona gitaa limewekwa kwenye kiti kando ya picha ya baba. Linawaka. Wekundu wa nta ya sakafu ulikuwa umeingia kwenye ule ukahawia, na mwanga wa mlango ulionekana wote juu yake. Bibi alisimama pembeni na kipande cha gomesi, gauni lake refu la zamani, mikono myekundu mpaka kwenye vifundo.

"Tangu asubuhi niko na hii gita," alisema. "Ilikuwa imekufa rangi. Sasa baba yako anaweza kuonekana mbele ya watu."

Nililishika. Nililiinamisha huku na huku kwenye mwanga. Nikapapasa kwa ncha za vidole. Kote kulikuwa laini, kote kulikuwa kunang'aa, na pale pa baba sikupaona. Wahenga wanasema nia njema ni tabibu. Siku ile haikumtibu mtu. Bibi alikuwa anangoja niseme neno.

"Asante, Kukhu," nilisema, nikarudi jikoni kulia. Moshi una faida zake.

Wageni walipoondoka nilimkuta mama peke yake sebuleni. Alikuwa amelipakata gitaa, yeye ambaye hakuwahi kulipiga, na kiganja chake kilikuwa kinatembea juu yake polepole, kinatafuta. Sikuwa nimejua kwamba naye alikuwa anakwenda pale penye doa. Tulitazamana.

"Hapana mwambia," mama alisema. "Amefanya na upendo."

Hatukumwambia. Bibi alikufa nikiwa nimeshaanza kazi mjini, bila kujua. Nyumba yake iliuzwa, na waliohamia wameifunika sakafu yake nyekundu kwa vigae. Nimetafuta kitu kilichopitiwa na mikono yake na sikupata, watu wa jembe huacha kidogo sana. Fundi mmoja aliniambia anaweza kulipitisha gitaa msasa laini, mng'aro wote uondoke, lirudi kama lilivyotoka dukani. Alisema kwa wema. Nilimkatalia, hakuelewa, nami sikueleza.

Mng'aro ule ni asubuhi nzima ya bibi, na chini yake mahali fulani ni mkono wa baba. Siwezi kumfuta mmoja nikambakiza mwingine, wala sijui tena huyu anaishia wapi na yule anaanzia wapi. Nikilipakata, nalaza mkono wangu pale ninapodhani ndipo. Nakisia tu.